Kochi, Jeneza na Andiko Lililokataa Kufutwa

Babu yake mzaa baba alikuwa mpima mizani wa soko la nafaka, mtu ambaye wanunuzi walitazama uso wake kabla ya kutazama mshale wa mizani, na vyote viwili havikuwahi kupingana. Baba yake alikuwa karani wa posta. Aligonga mihuri na kufunga mifuko ya barua hadi mgongo ukapinda, na katika utumishi wake wote hakusoma hata kadi ya posta ya mtu mwingine, ingawa kadi ya posta haina bahasha. Naye mwenyewe, aliyezaliwa katika ukoo huo wa watu walionyooka, aliongoza shule ya msingi hadi alipostaafu kwa heshima. Wanafunzi walimwita Nukta, kwa kuwa alipomaliza kusema hapakuwa na la kuongeza. Jina hilo lilitoka naye shuleni, likamfuata hadi kwa Mama Kahawa.

Kijiwe cha Mama Kahawa kilikuwa ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme, chini ya kipande cha bati. Kilikuwa na jiko moja, birika moja lenye masizi, beseni la vikombe, na benchi refu la mbao ngumu lenye mgongo wa kuegemea, lililong'arishwa na suruali za wateja kuliko na vanishi. Wateja walipokezana habari, lakini nafasi za kukaa hawakupokezana. Kila mmoja alikuwa na pake.

Asubuhi hiyo Nukta hakufika kwa ajili ya kahawa. Wakati wa kunywa chai nyumbani, mjukuu wake wa kike, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa amemweleza kwa sauti ndogo kwamba ameshtakiwa. Binti huyo alikuwa na tovuti aliyoiita Neno la Mtaa, ambamo wakazi huandika wanavyowaona mafundi na wenye maduka. Fundi mmoja wa samani alikuwa amekwenda mahakamani kudai kwamba amechafuliwa jina humo. Binti akishindwa, tovuti itafungwa, na kompyuta pamoja na chumba chake cha kazi, vitu alivyovipata kwa jasho, vitaliwa na fidia.

"Aliyeandika maneno hayo ni nani?" Nukta aliuliza.

Binti alitazama kikombe chake. "Niliwaahidi watu kwamba sitawataja, babu."

Nukta hakumsukuma zaidi. Alivaa kofia yake, akatoka kwenda kuwatafuta wakosaji mahali alipojua kwamba hawakosekani.

Aliwakuta wamo katikati ya jambo lenyewe. Redio, dereva wa lori la mizigo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikuwa ameinua juu simu iliyofunguliwa habari ya gazeti, kama mtu anayenadi shati.

"Shikamoo, mwalimu! Kaa, kaa, umewahi. Fundi Makochi kaacha kutengeneza makochi, sasa anatengeneza kesi!"

"Marahaba," Nukta alisema, akaketi pembeni alipozoea.

"Fundi Makochi yupi?" aliuliza Mama Kahawa, akimimina bila kutazama. "Huyu huyu wetu wa nyuma ya ghala la mbao?"

"Huyo huyo. Kamburuta mahakamani mwenye tovuti. Eti kachafuliwa jina."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama. Mtandaoni hakuna majina ya kuzaliwa. Kuna Kunguru Mweusi, kuna Shemeji wa Taifa, kuna Mkwe Mtarajiwa..."

"Sasa kamshtaki Kunguru?"

"Kunguru utamkamata wapi? Kamshtaki mwenye mti!"

Kicheko kikapita kwenye benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, kikamruka Nukta.

"Na ndivyo sheria inavyotaka," alisema Wakili wa Bure, akikohoa kidogo kwanza. Huyu alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili, na alikuwa amebeba mafaili kwapani kwa muda mrefu hata akaamini kwamba sheria imemwingia kwa njia hiyo. "Tuchukue mfano wa choo."

"Asubuhi yote hii?" Mama Kahawa akalalamika.

"Ni choo cha kisheria, mama, hakinuki. Choo cha stendi. Mtu kaingia, kaandika ukutani kwamba wewe unatia maji ya mtaroni kwenye kahawa. Unamshtaki nani?"

"Namtafuta nimmwagie birika."

"Humjui! Kaandika, kapandisha suruali, kaondoka. Umebaki wewe, ukuta, na mwenye choo."

"Basi namshtaki mwenye choo. Ana pesa za viingilio."

"Hewala," alisema mzee aliyekaa katikati. Alikuwa fundi bomba, mtu mpole, na jina lake la kijiweni lilikuwa hilo hilo, Hewala, maana tangu ajulikane hakuwahi kumpinga mtu.

"Ngoja kwanza!" Redio akaruka. "Mwenye choo kakosa nini? Yeye kajenga choo watu wajisaidie. Hakusema njooni mtukane!"

"Hewala, kweli kabisa," Hewala akasema.

"Wewe Hewala uko upande gani?"

"Wote mnasema vizuri."

"Sikilizeni," Wakili wa Bure aliinua kidole. "Ukuta ukiandikwa usiku, mwenye choo hana kosa. Amelala. Lakini asubuhi ukienda kumwambia, bwana, futa maneno haya, akayasoma, akayaacha, basi kayakubali. Yamekuwa yake. Hapo anaingia mzima mzima, na choo chake."

"Aingie tu!" Redio akapiga paja. "Mimi namwambia huyo mwenye tovuti, auze hata kitanda. Watu wa kompyuta wanakaa kwenye kivuli, hawatoki jasho, wanakula kwa midomo ya wenzao. Afilisiwe ashike adabu!"

Nukta aliweka kikombe chini. Katika miaka yake ya ualimu alijifunza kwamba mtoto aliyevunja dirisha ndiye hupiga kelele zaidi za kumtaka mkosaji achapwe.

"Redio," aliuliza polepole, "wewe huwa unaandika humo?"

"Mimi? Mwalimu! Mimi hata ujumbe wa simu anaandika mke wangu."

"Vema. Wakili, chukua hiyo simu. Gazeti limenukuu maneno yanayolalamikiwa?"

"Limenukuu, mwalimu. Mengi tu."

"Yasome. Kwa sauti, bila kuruka."

Wakili wa Bure alisogeza simu mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "La kwanza ni la Shemeji wa Taifa. Kaandika hivi: *Nawaapia, mbao za makochi yake na mbao za majeneza zimepanda lori moja.*"

Mama Kahawa aliweka birika chini.

"Lori," alisema Mama Kahawa.

"Malori ni mengi mjini," Redio akasema.

"*Nawaapia*," akaongeza Mama Kahawa. "Redio, wewe hata ukiomba sukari unaapa."

"Jamani, ulikuwa utani!" Redio akalipuka. "Na ni kweli! Siku ile Fundi Makochi na yule mtengeneza majeneza wa barabara ya juu wamenunua mbao ghala moja, wakakodi lori langu pamoja ili kupunguza gharama. Nimesema uongo wapi? Zimepanda lori moja! Mimi sikusema kochi ni jeneza. Aliyesema ni huyo anayefuata!"

"Anayefuata ni nani?" Nukta akauliza.

Wakili wa Bure alikuwa ameanza kuhangaika na miwani ambayo hakuwa nayo. "Hapa herufi ni ndogo, mwalimu..."

Redio alimpokonya simu. "Mkwe Mtarajiwa! *Kwa mujibu wa taarifa zilizotufikia, makochi yaliyotajwa hapo juu ni majeneza yaliyokatwa katikati na kuvishwa kitambaa.* Kwa mujibu! Hapo juu! Nani hapa anazungumza hivyo hata akiagiza maandazi?"

"Mimi nilitafsiri tu ushahidi uliokuwepo," Wakili wa Bure alisema kwa hadhi.

"Ushahidi wa utani wangu!"

"Mahakama haijui utani wako!"

"Aibu," alisema Mama Kahawa, akitikisa kichwa. "Wanaume wazima. Mnamsingizia mtu mwenye watoto."

"Ngoja, mama, bado hatujamaliza," Redio akaendelea, sasa akifurahia. "Huyu hapa anajiita Mama Mwenye Nyumba. *Jirani yangu alilala kwenye kochi hilo, akaota marehemu amesimama mlangoni anadai mbao zake, na marehemu alikuwa na kiu, akaomba kahawa.*"

Wote waligeuka kulitazama birika.

"Nilikuwa natangaza biashara," alisema Mama Kahawa.

"Na chini ya kila andiko," Redio alimalizia, "kuna mtu mmoja kaandika *naunga mkono*. Kaunga mkono langu, kaunga la Wakili, kaunga la mama, halafu akatokea mtu akaandika haya yote ni uzushi, na yeye kamuunga mkono."

"Wote walisema vizuri," Hewala akanong'ona.

Hapo ndipo Nukta aliposimama. Alisimama kama alivyosimama mbele ya gwaride la asubuhi, na wale wanne, pasipo kuambiwa, walinyoosha migongo.

"Yule mnayetaka auze kitanda," alisema, "ni mjukuu wangu."

Redio alifunga mdomo. Hilo lilikuwa jambo geni, na hata yeye mwenyewe alionekana kulishangaa.

"Tovuti ni yake. Mtoto yule hakuandika hata herufi moja ya upuuzi huu. Amekaa nyumbani mbele ya chai iliyopoa kwa ajili ya maneno mliyoyatema hapa, mkayafuta midomoni kwa kiganja, mkaenda kulala. Angeweza kuwataja. Aliahidi kutowataja, na anaitimiza ahadi yake. Je, nyinyi mlioahidiwa, mnastahili?"

"Mwalimu, tusamehe..." Hewala alianza.

"Sijamaliza. Katika ukoo wetu hatujui kusema jambo tusilolijua. Babu yangu..."

"Samahani, mwalimu," Wakili wa Bure alikatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa amerudishiwa simu, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Hapa mwisho pameandikwa kitu. Fundi anasema alimwandikia mwenye tovuti ayafute maneno yote. Na yeye akayafuta, siku ile ile. Yetu sote yalifutwa!"

"Yamefutwa?" Redio akaruka. "Basi hatumo! Mama, ongeza kahawa!"

"Acheni kelele kwanza. *Mdaiwa alifuta maoni yote isipokuwa andiko moja refu, ambalo alikataa katakata kuliondoa, wala hakutoa sababu.* Kesi yote imesimama juu ya andiko hilo moja."

"Msichana kakosa akili?" Mama Kahawa akauliza. "La nani hilo la kulifia?"

"Soma," alisema Nukta. Sauti yake haikuwa na nguvu ya mara ya kwanza.

Wakili wa Bure alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoshusha sauti. "*Mimi, mjukuu wa mpima mizani wa soko la nafaka ambaye mkono wake haukuwahi kutetereka, mwana wa karani wa posta aliyetunza siri za watu wote, nami nikiwa mwalimu mkuu mstaafu, nimesikitishwa kupita kiasi. Ikiwa ni kweli kwamba walio hai sasa wanakalishwa juu ya mali ya wafu, basi kila mzazi mwenye kujiheshimu na aipite karakana hiyo kwa mbali...*"

Macho yote yakamwendea Nukta. Hata birika lilikuwa limeacha kuchemka.

"Fundi anasema hivi," Wakili akaongeza taratibu. "Anasema mpaka hapo watu walikuwa wanapita dukani kwake wakimtania, na wananunua. Baada ya andiko hilo, waliacha kupita."

"Niliandika *ikiwa ni kweli*," alisema Nukta.

"Uliandika, mwalimu. Lakini mbele yake umeweka mizani, umeweka posta, umeweka shule. Watu walipofika kwenye *ikiwa*, walikuwa wameshaamini."

Nukta aliketi. Alikumbuka jioni ile alipoandika kwa kalamu yake ya wino, na binti akipiga chapa kando yake, akisita mara mbili kana kwamba angetaka kuuliza jambo. Alikumbuka pia amri aliyompa alipomaliza: neno langu lisiguswe na mtu. Binti hakuligusa. Barua ya fundi ilikuja, naye akafuta ya kila mtu, akaacha la babu yake, akajiweka chini yake libomoke juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliyesalimu alikuwa Fundi Makochi mwenyewe, mtu mnene mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, amesimama na kipande cha msasa kikichungulia mfukoni.

"Marahaba," alisema Nukta, na safari hii neno lilimtoka kwa shida.

"Habari zenu, wazee. Mama, hujambo? Naomba mnyanyuke kidogo."

"Kuna nini?" Redio akauliza.

"Nachukua benchi langu."

Ndipo walipokumbuka, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba benchi lile lilikuwa kazi ya kwanza ya Fundi Makochi alipofungua karakana, na kwamba alimpa Mama Kahawa bure ili watu wapate kuona mkono wake.

"Sitaki watu wazima mketi juu ya jeneza," fundi alisema. "Si vizuri kiafya."

"Lakini bwana, benchi hili?" Redio alilipiga kwa kiganja. "Hili ni chuma! Nawaapia, tangu tulikalie halijawahi hata kulia!"

"Kaliandike hilo mtandaoni."

Redio aliangalia viatu vyake.

"Au nisikieni," fundi aliendelea. "Sina haja ya hakimu, na maneno yenu niliyatambua hata chini ya majina ya bandia. Mimi nataka jambo moja. Kila mtu asimame hapa, mbele yangu, aniambie kwa mdomo wake kile alichokiandika. Hapa hapa. Nitaondoa kesi leo. Nani anaanza? Wewe Redio, wewe huogopi maikrofoni."

Redio alisimama, akakaza mkanda, akamtazama Fundi Makochi usoni. "Nawaapia..." Alimeza mate. "Nawa... Fundi, nyusi zako zina vumbi."

"Najua. Endelea."

"Siwezi, bwana. Kwenye simu huonekani."

Nukta alivua kofia. Alisimama kati ya fundi na benchi. "Jina langu lilikuwa wazi kuliko yote," alisema. "Kwa nini hukunishtaki mimi?"

Fundi alichezea msasa wake. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza. Ningesimama vipi niseme huyu kanisingizia? Nikaona nimshtaki mtoto, labda atakuambia."

"Hakuniambia."

"Basi umemlea vizuri, mwalimu. Umemlea vizuri mno."

Nukta alimgeukia fundi uso kwa uso. Kisha alisema kwa sauti ambayo mwenye duka la umeme aliisikia akiwa ndani: "Mimi sikufika kwenye karakana yako. Sikuona jeneza, wala ubao wake, wala msumari wake. Niliyasikia hapa, nikiwa nimeketi juu ya kazi ya mikono yako, na nikayaandika kama mtu aliyeona. Nilikukosea. Leo hii andiko litaondolewa, na mahali pake litawekwa hili."

"Na safari hii, mwalimu," Wakili wa Bure alinong'ona, "ukoo uuweke mwisho."

"Utakuwa mwanzo! Nilitumia heshima yao kumchafua, nitaitumia hiyo hiyo kumsafisha."

Fundi Makochi alijipangusa nyusi, labda kwa ajili ya vumbi. "Imetosha, mwalimu. Kesi naiondoa."

"Mungu mkubwa!" Mama Kahawa akasema. "Kaeni basi, niwamiminie."

"Wakae wapi?" fundi akauliza. "Kesi nimesema naiondoa. Benchi sikusema. Litarudi nikilisoma andiko. Na sikuja na mkokoteni. Mmelikalia wanne, mtalibeba wanne."

Nukta na Redio wakashika mbele, Wakili wa Bure na Hewala nyuma, wakalipandisha mabegani na mgongo wake umelala juu, wakaingia barabarani nyuma ya fundi, kwa mwendo wa pole, maana lilikuwa zito kama kile chuma alichokitaja Redio. Hawakufika mbali kabla ya mwenye baiskeli kushuka na kuikokota. Wanawake wawili kwenye kibaraza waliacha mazungumzo wakasimama. Mzee mmoja alivua kofia.

"Poleni sana," alisema mwanamke mmoja. "Ni nani aliyetutoka?"

Redio alivuta pumzi. Wote watatu waliisikia ikiingia, ndefu, ya mtu mwenye habari. Nukta aligeuza shingo chini ya ubao akamtazama.

"Hakuna mtu, mama," Redio alisema kwa uchungu mkubwa. "Ni benchi."

Ghorofani, kwenye dirisha la jengo la mbele, kijana alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kikikimbia. Alipiga picha, akaandika, akatabasamu.

"Simameni," Nukta akaamuru, na benchi likasimama katikati ya barabara. Aliinua uso, na sauti iliyonyamazisha shule nzima kwa miaka mingi ikapanda hadi ghorofani. "Wewe kijana! Ndiyo, wewe! Kabla hujaituma hiyo, shuka chini. Njoo ushike ubao huu, uutazame juu na chini, umuulize aliyeutengeneza. Ukisha, andika upendavyo!"

Kidole gumba kilisita hewani. Jamani vijana, nyote mnaoishi na simu viganjani, amri hiyo si ya kijana yule peke yake. Shukeni ngazi kwanza, mkashike ubao. Nukta.